Je, Wajua? Luther hana kilima Kampala

Saa kumi na moja jioni, Old Taxi Park. Makondakta wanaita Entebbe, Mukono, Jinja, na katikati ya makelele hayo kijana mwenye kipaza sauti cha betri anahubiri kwa Kiganda, anarukia Kiingereza, kisha anatupia Kiswahili kidogo kwa ajili yetu wageni. Mahubiri yakiisha, bahasha zinapitishwa dirishani. Panda mbegu ya shilingi elfu kumi, ugonjwa uondoke. Panda elfu hamsini, viza itoke. Mama aliyekaa mbele yangu, kapu la nyanya mapajani, alitoa noti ya elfu mbili, akaikunja mara nne, akaitia. Gari halijaondoka, safu ya wiki hii ilikuwa tayari imeanza kujiandika.

Je, wajua kwamba dini za Kampala hupenda vilima, ila Walutheri hawana chao? Waanglikana wako Namirembe, Wakatoliki Rubaga na Nsambya, Waislamu Kibuli na Old Kampala, Wabahai Kikaya. Sensa ya 2014 iliwakuta Wakatoliki ni asilimia 39 ya wananchi wa Uganda na Waanglikana 32. Walutheri wapo, lakini ni wachache mno. Hata hivyo maswali ya Martin Luther, mtawa Mjerumani wa karne ya 16, yanazunguka mji huu kila siku, tena mara nyingi yamevaa kanzu za watu wengine.

Je, wajua kwamba jina “Mlutheri” lilianza kama tusi? Wapinzani ndio waliolibuni. Mwaka 1522 Luther mwenyewe aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake, maana si yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Hawakumsikiliza. Na hata hilo Luther si jina alilozaliwa nalo: ukoo wao ulijiita Luder. Karibu na mwaka 1517 alianza kutia sahihi barua zake “Eleutherius”, neno la Kigiriki lenye maana ya aliye huru, na herufi mbili za katikati, t na h, zikabaki kwenye jina.

Je, wajua kwamba hakuna mwenye hakika kama ile nyundo na msumari vilikuwapo? Picha ya mtawa anayepigilia karatasi kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg tunaijua sote. Kilicho na ushahidi ni barua. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alimwandikia Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, akamwambatishia hoja 95 kuhusu uuzaji wa hati za rehema. Alichokuwa hajakijua ni kwamba Albrecht alikuwa na deni benki. Alikopa kwa akina Fugger ili alipie cheo chake, na nusu ya fedha za hati zile ilikuwa ikienda kulipa mkopo. Nusu nyingine ilikwenda Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro. Muuzaji mkuu, Johann Tetzel, hakuruhusiwa hata kuingia Saxony. Mtawala wa huko, Frederick, alikuwa na hazina yake kubwa ya masalia ya watakatifu, nayo ilivutia mahujaji wake, hakutaka mshindani. Basi watu wa Wittenberg walivuka mpaka, wakanunua, wakarudi na karatasi mkononi kwa padri wao wa kitubio. Padri huyo ndiye Luther.

Hapo ndipo theolojia nzima ya Kilutheri ilipozaliwa: si maktabani, bali kwenye kiti cha kitubio, mbele ya mtu mwenye risiti. Fundisho lake kuu, kuhesabiwa haki kwa imani, laweza kusemwa kwa maneno ya sokoni: Mungu hauzi. Anachotoa kimelipiwa na Kristo, na imani ni mkono mtupu unaopokea. Matendo mema hufuata, kama matunda yafuatavyo mti, lakini hayawi bei.

Ukitaka kujua kama jambo hili limepitwa na wakati, rudi kwenye bahasha za Old Taxi Park. Tetzel, tumtendee haki, aliuza bidhaa ya ahera: kupunguziwa adhabu baada ya kufa. Wauzaji wa leo wameileta bidhaa karibu zaidi: viza, mume, kiwanja. Kuna maji ya upako, mafuta, leso, na kuna stika za kubandika kwenye kioo cha gari. Bidhaa isipofanya kazi, kosa ni la mnunuzi, imani yake haba. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Mtu anatoka amelipa, hajapona, na juu yake amebebeshwa hatia.

Je, wajua kwamba Luther alikuwa na jibu kwa hilo pia? Aprili 1518, huko Heidelberg, alitofautisha aina mbili za wanatheolojia. Wa utukufu anamtafuta Mungu penye nguvu, fahari na ushindi. Wa msalaba anamkuta mahali ambapo hakuna aliyetarajia: kwenye mateso, aibu na udhaifu. Kwa mujibu wa huyu wa pili, mgonjwa wa hospitali ya Mulago asiyepona hajaachwa na Mungu. Mkono wenye saa ya dhahabu, nao, si ushahidi wa chochote.

Je, wajua kwamba Namirembe ni binamu wa Wittenberg? Thomas Cranmer, aliyeandika kitabu cha sala cha Waanglikana, alimwoa mwaka 1532 Margarete, mpwa wa mke wa mchungaji wa Kilutheri wa Nuremberg. Kati ya Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana, cha 11 chasema kwamba tunahesabiwa haki kwa imani tu. Luther asingebadilisha kitu.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuitia Biblia katika Kiswahili alikuwa Mlutheri aliyeajiriwa na Waanglikana? Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mke wake na mtoto wao mchanga walifariki miezi michache baada ya kufika. Mwenzake wa Rabai, karibu na Mombasa, Johannes Rebmann, naye wa Württemberg, alishiriki kuchora ramani iliyotolewa mwaka 1856 ikionyesha ziwa moja kubwa mno ndani ya bara. Wasomi wa London waliicheka, wakaiita konokono. Ila iliwatia hamu ya kutafuta, na mwaka 1862 John Speke akawa amefika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda.

Je, wajua kwamba katika Kiganda kwenda kanisani na kwenda shule huweza kuwa kitenzi kimoja? *Okusoma*. Waongofu wa mwanzo wa Buganda, Waislamu kisha Wakristo, waliitwa *abasomi*, wasomaji, kwa sababu ndicho walichoonekana wakikifanya: wamekaa chini, wameinamia karatasi. Na karatasi za Kikristo za mwanzo zilikuwa za Kiswahili. Alexander Mackay, fundi wa CMS aliyefika 1878, alifundisha kwa Injili za Kiswahili kabla Kiganda hakijawa na zake. Sisi wa Kiswahili huwa tunasahau deni hilo, na Waganda hawana haraka ya kutukumbusha, maana Kiswahili baadaye kilijulikana kwao zaidi kwa bunduki na vizuizi vya barabarani vya askari.

Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kazi ya Henry Wright Duta na George Pilkington. Toleo moja lilichapwa fupi na nene, likakaa kama tofali, ili liingie kwenye bati la biskuti mchwa wasilifikie. Jaribu kuiona picha hiyo: mtu anatoka shambani, ananawa, anafungua mfuniko wa bati uliotoboka kutu pembeni, anatoa Neno la Mungu panapokaa biskuti za Waingereza. Pilkington hakuishi kuyaona matunda. Aliuawa Busoga Desemba 1897 katika maasi ya askari wa Kisudani.

Luther angemwelewa. Yeye alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani katika majuma kama kumi na moja, akiwa amejificha ngome ya Wartburg, ndevu zimeachwa na jina limebadilishwa. Lilichapwa Septemba 1522. Biblia kamili ikatoka 1534. Baadaye alieleza kwamba mtafsiri asiyesikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni hatajua Kijerumani kinasemwaje. Ukuhani wa waamini wote, fundisho lake jingine kubwa, linaanzia hapo: kama wewe nawe ni kuhani mbele za Mungu, basi lazima uweze kusoma mwenyewe. Abasomi wa Mengo, makao ya Kabaka, walikuwa wanalitenda kabla ya kulisikia.

Je, wajua kwamba Kanisa la Kilutheri la Bukoba, Tanzania, lilianzia Kampala? Hapa naomba nikae kidogo.

Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910 wakidhani wanaleta habari mpya. Wakakuta Wahaya wanaosoma Injili kwa Kiganda. Vijana wa Kihaya walikuwa wamekwenda Buganda kufanya kazi na biashara, wakarudi na vitabu. Walikuwa wakikutana wenyewe, bila mchungaji wala Mzungu, jambo ambalo machifu na watawala wa Kijerumani hawakulipenda. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Andereya Kajerero. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, wasomaji hao ndio waliobaki na kanisa mikononi.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 1925 anazaliwa katika nchi hiyohiyo ya Wahaya Josiah Kibira. Mwaka 1964 anakuwa askofu baada ya Msweden Bengt Sundkler. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani, lililoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947, linakutana Dar es Salaam na kumchagua Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mtoto wa kanisa lililoanza kwa vitabu vya Kiganda akaongoza Walutheri wa ulimwengu hadi 1984. Siku hizi basi la Kampala hadi Bukoba linapita Masaka na Mutukula, na pale mpakani watu wanashuka kugonga mihuri na kununua mahindi ya kuchoma. Wengi wao hawana habari kwamba barabara hiyo iliwahi kubeba kanisa zima kuelekea kusini.

Je, wajua kwamba neno “mlokole” ni zawadi ya Kampala kwa Kiswahili? Sisi tuna *kuokoka*. Ile l ya katikati ni ya Kiganda, *okulokoka*, *mulokole*. Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana kilimani Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, Rwanda. Walikaa siku mbili wakisoma na kusali. Uamsho uliotokea ulivuka hadi Rwanda, Kenya na Tanganyika, ukaingia kwa Walutheri wa Bukoba na kumkuta Kibira mwenyewe. Nsibambi alitembea pekupeku na kuhubiri kwa yeyote aliyesimama; mwanawe Apolo akaja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda. Wazee wa Kilutheri waliuliza swali lao la siku zote: je, wokovu wangu unakaa juu ya siku niliyolia kwa toba, au juu ya ahadi ya Mungu niliyopewa kwenye ubatizo? Swali hilo bado halijafungwa, wala sidhani linahitaji kufungwa. Luther alisema Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Mlokole wa kweli, aungamaye kila juma mbele ya wenzake, anasema jambo hilohilo.

Je, wajua kwamba mwaka 1977 Kampala na Dar es Salaam ziliulizwa swali moja, kama kanisa linyamaze mbele ya dhuluma? Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum alisimamishwa mbele ya askari na umati Nile Mansions, mahali ilipo hoteli ya Serena leo, akituhumiwa kumpinga Idi Amin. Usiku huo akauawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili ulikuwa na matundu ya risasi. Miezi minne baadaye, Dar es Salaam, Walutheri walitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika si suala la siasa tu ambalo waumini waweza kutofautiana. Ni suala la imani yenyewe, na makanisa yanapaswa kuukataa waziwazi. Mwaka 1984, Budapest, makanisa mawili ya Kilutheri ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama.

Wanaosema Luther aliwafundisha watu kumtii mtawala na kunyamaza hawakosei kabisa. Wako waliomtumia hivyo, Ujerumani ya Hitler ikiwemo. Ila pia yuko Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na Wanazi tarehe 9 Aprili 1945. Ndiye aliyeandika mwaka 1937 dhidi ya neema ya bei rahisi, akiwajibu wanaouliza: kama ni bure, si nifanye nitakavyo? Juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London, tangu 1998 zimewekwa sanamu za mashahidi kumi wa karne ya 20. Luwum yumo. Bonhoeffer yumo. Martin Luther King naye yumo, Mbaptisti aliyepata jina hilo baada ya baba yake kuzuru Ujerumani mwaka 1934.

Je, wajua kwamba mke wa Luther alipika pombe? Katharina von Bora, mtawa aliyetoroka mwaka 1523, alimwoa (wengine husema hivyo hasa, si kinyume chake) Juni 1525, akawa msimamizi wa nyumba, mashamba, wapangaji na mapipa ya bia. Balokole wasinipigie simu. Kwa Luther hayo yote yalikuwa wito: anayemwosha mtoto anamtumikia Mungu sawa na anayeadhimisha ibada. Mwendesha boda boda anayekufikisha Ntinda salama usiku wa mvua naye yumo humohumo.

Je, wajua kwamba mwaka 1523 mji wa Leisnig ulianzisha sanduku la pamoja la kuwasaidia maskini, Luther akiliandikia utangulizi? Lilikuwa na makufuli manne, funguo nne: wakuu, baraza, watu wa mjini, wakulima. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Nenda sasa kwenye kikundi chochote cha akiba Uganda, muulize mweka hazina akuonyeshe sanduku lao la bati. Lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hawakuiga Leisnig, wala *munno mukabi*, vikundi vya kuzikana na kufaana, havikusubiri Mjerumani. Kutokumwamini mtu mmoja na fedha za wengi ni hekima isiyo na dhehebu.

Je, wajua kwamba ugomvi wa Ulaya ulipiganwa Mengo kwa bunduki? Tarehe 24 Januari 1892 Bafransa, yaani Wakatoliki, na Bangereza, Waprotestanti, walikabiliana. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwasaidia wa pili kwa bunduki ya Maxim, kanisa la Rubaga likateketea, Kabaka Mwanga akakimbilia ziwani. Siasa za Uganda zilibeba kovu hilo; hata chama cha DP kilitaniwa kuwa ni Dini ya Papa. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko kwamba kuhusu kuhesabiwa haki wanakubaliana katika mambo ya msingi. Wamethodisti waliliunga mkono 2006, na Waanglikana walilipokea wakiwa Lusaka mwaka 2016. Waliokufa Mengo walishazikwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba Luther aliandika kitabu cha aibu? Mwaka 1543, dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yachomwe. Wanazi walikitumia. Mkutano uleule wa Budapest, 1984, kipindi cha Kibira kikimalizika, ulikataa mafundisho hayo waziwazi. Kanisa lenye jina la mtu limelazimika kusema mtu huyo alitenda dhambi. Binafsi naona hiyo ndiyo theolojia yake ikifanya kazi.

Je, wajua kwamba Mwafrika aliketi na Luther? Mwaka 1534 shemasi Mwethiopia aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg, wakajadiliana juu ya imani, na Luther akampa barua ya kumtambulisha. Leo kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia na KKKT la Tanzania, kila moja, lina waumini wengi kuliko Kanisa la Sweden.

Je, wajua kwamba Walutheri wanaofahamika zaidi Uganda hawahubiri madhabahuni? Shirikisho lao limekuwa likihudumu nchini tangu 1979, Amin alipoanguka. Ofisi iko Kampala. Kazi kubwa iko Adjumani na kwingine wanakopokelewa wakimbizi, katika nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote Afrika. Visima, madarasa, makazi. Kupewa maji hakuhitaji bahasha.

Sasa turudi Old Taxi Park. Kati ya hoja zile 95, ya 86 inauliza kwa nini Papa, aliyekuwa tajiri kuliko matajiri wote wa siku zake, asijenge kanisa kwa fedha zake badala ya kutumia za waumini maskini. Jina la Papa unaweza kulitoa, ukaweka la yeyote. Iulize hoja hiyo kwa sauti, ndugu msomaji, kabla hujaikunja noti yako mara nne.